Maswali ya Wasomaji: Unga wa Mbaazi na Maziwa Yaliyotiwa Urea

SWALI: Ndugu Mhariri, kituo chetu cha kukusanyia maziwa hupima kila ndoo kwa laktomita, kifaa kinachopima uzito wa maziwa kulingana na ujazo wake ili kugundua yaliyoongezwa maji. Nimeambiwa kwamba mbaazi na soya zina kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kinachofichua maziwa yaliyotiwa mbolea ya urea. Je, ni kweli, na tunaweza kukitoa wenyewe?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ni kweli. Kimeng'enya hicho ni ureasi, ambacho kimo katika mbegu za mimea kadhaa ya jamii ya mikunde, na kazi yake ni kuivunja urea ikawa amonia na kabonidioksidi. Anayeongeza maji kwenye maziwa hutia urea ili laktomita isimuumbue, na kwa kuwa urea ina naitrojeni nyingi, huvidanganya pia vipimo vinavyokadiria protini kwa kuhesabu naitrojeni. Amonia ndiyo inayomfichua, maana hugeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya buluu.

Kukitoa kikiwa safi ni kazi nyingine. Mwaka 1926 James B. Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyepoteza mkono wake wa kushoto akiwa kijana, aliuchanganya unga wa mbegu za Canavalia ensiformis, mmea wa jamii ya mikunde, na maji yenye asetoni, akachuja, akaacha maji yale kwenye baridi hadi yakatoa fuwele (chembe ngumu zenye umbo la mpangilio) za ureasi. Hakuna kimeng'enya kilichokuwa kimepatikana katika umbo hilo kabla yake, na mwaka 1946 alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ninyi hamna haja ya asetoni, ambayo hushika moto upesi, kwa kuwa unga wenyewe unatosha kwa kupimia.

Sageni mbegu kavu ambazo hazijakaangwa wala kuchemshwa, kwani joto kali hukiharibu kimeng'enya. (Watengenezaji wa chakula cha mifugo huitumia tabia hiyo: soya ambayo bado ina ureasi nyingi haikuiva vya kutosha.) Mamlaka ya usalama wa chakula ya India inaelekeza kwamba kijiko kimoja cha chai cha maziwa kichanganywe na nusu kijiko cha unga wa soya au mbaazi, kitikiswe vizuri na kuachwa dakika 5, kisha karatasi nyekundu ya litmasi ichovywe kwa nusu dakika.

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika. Maziwa ya ng'ombe yana urea kidogo ya asili, na huongezeka ng'ombe akilishwa protini nyingi. Kwa hiyo kila mara pimeni sambamba maziwa yaliyokamuliwa mbele ya macho yenu. Chovyeni pia karatasi kabla ya kutia unga: ikigeuka buluu wakati huo, mshukuni mtu aliyetia magadi ili kuficha uchachu, wala si urea. Maziwa yaliyokwisha kuchacha msiyapime kwa njia hii, kwa sababu asidi yake huimeza amonia. Na msimfukuze mfugaji kwa ushahidi wa karatasi peke yake. Pelekeni sampuli maabara.

Unga uhifadhiwe pakavu katika chombo chenye mfuniko. Kabla ya kuutumia, utieni kwenye maziwa kidogo yenye chembe chache za urea mliyoiweka kwa makusudi, na karatasi isipogeuka, sageni mwingine. Maziwa yote yaliyotumika katika vipimo yamwagwe.