Huruma peke yake haitoshi kumlindia mtoto

Kwenye hii kazi ya kulea watoto waliopitia magumu, maamuzi yanayoniumiza kichwa sio yale ya wema na ubaya, hayo hata mgeni anayaona. Shida ni pale pande zote mbili zinaonekana huruma, alafu unatakiwa uamue sasa hivi na mtoto anakutazama usoni.

Chukulia siri. Mtoto anakuvuta shati, "nikikwambia kitu hutamwambia mtu?" Na wewe umesubiri muda mrefu aongee, mdomo wote unataka kusema ndio. Mimi siahidi. Huwa namjibu hivi: "Sitaenda kutangaza, ila kama kuna mtu anakuumiza itabidi nimwambie anayeweza kutusaidia, na wewe ntakwambia kwanza." Kuna binti nilimjibu hivyo akanyamaza, akarudi kupanga vizibo vyake chini kana kwamba hatujaongea chochote, nikajua basi nimempoteza huyu. Jioni naanua nguo akaja akasimama pembeni, akaanza kuongea huku ananipokea vibanio kimoja kimoja, haniangalii. Wengine hawarudi haraka hivyo tusidanganyane, ila mtoto aliyezoea kudanganywa na watu wazima ukimwahidi siri alafu ukaivunja ndo umemfunga mdomo kabisa.

Na akishafunguka usimhoji kama polisi. Msikilize, andika maneno yake yale yale, peleka kwa anayehusika na ulinzi wa watoto. Ukimuuliza "ni fulani ndo kakufanyia hivi eeh?" ushamwekea maneno mdomoni, na kesho kuna mtu atatumia hilo kusema mtoto kafundishwa.

Lingine ni kumtoa mtoto kwao. Unaingia nyumba haina hata godoro, mtoto ana njaa, roho inakwambia mchukue huyu twende. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa malezi mbadala, yaani mtoto kulelewa nje ya wazazi wake, wa 2009, unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenganisha mtoto na wazazi wake, na ndugu wasitawanywe bila sababu ya maana. Mama anayekuja kukuachia mtoto kwa sababu ya kodi na chakula anahitaji kodi na chakula, hahitaji kunyang'anywa mwanae. Nyumba ambayo mtoto anapigwa au anaingiliwa ni habari nyingine kabisa, hapo usisubiri kikao cha ukoo wala usimwonee mtu aibu.

(Picha sitaki hata kujadili. Mfadhili anataka sura ya mtoto analia? Hapana.)

Swali langu siku zote ni moja, huu uamuzi unampa nani usingizi, mimi au mtoto? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 3 cha maslahi bora ya mtoto kila mtu anakikariri, ila cha 12 kinachotaka mtoto asikilizwe kulingana na umri na ukomavu wake hicho watu wanakiruka. Ila jamani kumsikiliza sio kumbebesha uamuzi. Kumuuliza mtoto mdogo "unachagua baba au mama" ni ukatili, bora umuulize usiku analala na nani kule nyumbani, nani anamwamsha, kitu gani kinamwogopesha, alafu kuamua ubaki nako wewe mkubwa.

Na msimamo usigeuke ubishi. Tafuta mtu mmoja kwenye timu ambaye haogopi kukwambia "hapa umekasirika tu", na kama sio dharura usiamue usiku ukiwa umechoka. Kila uamuzi andika na sababu zake, maana hawa watoto wakikua wengine wanarudi kuomba faili lao wajue kwanini walihamishwa, sasa akikuta pameandikwa "mtoto mkorofi, amehamishwa" atafanya nalo nini? Andika ukijua msomaji ni yeye.