Kodi yenye macho

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na mama yako alipokuwa anachambua mchele. Unauliza hivi: mumeo ameitwa kazini Houston kwenye kampuni ya mafuta, wewe nesi hukosi hospitali popote, basi kati ya kubaki St. Paul, Minnesota, na kurudi huku Texas, ni jimbo gani litakula mishahara yenu kidogo? Unasema mmeshaangalia majedwali ya kulinganisha majimbo, Minnesota iko juu, Texas iko chini, na mumeo keshaanza kuzipangia matumizi dola zitakazobaki.

Hesabu nimeipiga jana usiku, haikuchukua muda. Kodi ya serikali kuu niliiacha, maana hiyo inakufuata uendako. Kwa mapato yenu ya dola 120,000 na watoto wawili, Minnesota itawakata kama dola 5,000 kwa mwaka. Viwango vyake vinaanzia asilimia 5.35, na sehemu ya juu ya mapato yenu inaangukia kwenye asilimia 6.8. Texas haitakata hata senti kwenye mshahara, na tangu kura ya 2019 katiba yake imeipiga marufuku kodi hiyo. Halafu mtataka nyumba. Nyumba ya dola 350,000 kwenye vitongoji vipya vya huku, ukijumlisha kaunti, wilaya ya shule na ile mamlaka ya maji na mifereji ya mtaa, inaweza kudaiwa kodi ya majengo ya dola 6,500 kwa mwaka. Huko kwenu mara nyingi itapungua kwa elfu mbili hivi. Kwa hiyo mwaka wa neema Texas inawaachia kama dola 3,000. Bima ya nyumba ya huku, kwa vimbunga na mvua ya mawe, itazimega sana hizo, lakini bima si kodi, nawe umeniuliza kodi.

Ningeishia hapo kama majedwali yangekuwa yanapima na mwaka wa shida. Hayapimi. Na mwaka huo wewe ulikuwepo, ingawa sidhani kama tulikueleza yote.

Ulikuwa mwaka wako wa mwisho wa sekondari, 2016. Pipa la mafuta lilikuwa limeporomoka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya 30, na karakana tuliyokuwa tunachonga vali za visima ikawa inapunguza watu zamu baada ya zamu. Zamu yetu ilifikiwa Februari. Aprili ikaja bahasha ya ofisi ya uthamini, ile inayokadiria thamani ya nyumba ili zitozwe kodi: thamani ya nyumba imepanda. Sheria inawazuia kuipandisha kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka kwa mtu anayeishi ndani ya nyumba yake, na wao walikwenda mpaka kwenye hiyo 10. Niliigeuza ile karatasi mbele na nyuma. Ilikuwa na namba ya akaunti, ukubwa wa kiwanja, futi za mraba, mwaka nyumba ilipojengwa. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba baba wa nyumba hana kazi.

Nikamkumbuka yule dalali aliyetuuzia, alivyosimama sebuleni kabla hata rangi haijakauka, akaniambia, "Mzee, hapa Texas mshahara wako wote ni wako." Maneno hayo bado yananichoma. Mshahara wenyewe ulikuwa umekwisha, bili ikapanda. Na benki, ambayo ndiyo iliyokuwa inatukusanyia kodi na bima kila mwezi ndani ya marejesho ya mkopo, ikaandika kwamba akaunti ina upungufu, kwa hiyo marejesho nayo yanapanda. Wasio na mkopo wanalipa wenyewe kabla ya Januari 31. Ikiingia Februari unaongezewa asilimia 7 papo hapo.

Ndiyo maana nasema, nanyi mtasema Baba ameanza tena: kodi ya mapato ina macho, kodi ya majengo haina. Fomu ya mapato, hata ya jimbo kali namna gani, inaanza kwa kukuuliza mwaka huu umeingiza ngapi. Ukiwa umeingiza kidogo, inakata kidogo.

Kumbuka tulikotoka. Baridi ile kiwanda cha bata mzinga kilipotupunguzia saa za kazi, tulikuwa wapangaji, watu watano kwenye chumba na sebule. Minnesota ilitukata kidogo mno mwaka ule, na mwezi wa nane ikaja hundi ya wapangaji, wanayokurudishia sehemu ya kodi ya majengo unayoilipa kupitia pango. Siku hizi wanaipitisha kwenye ritani ya mwaka. Hundi ile ndiyo iliyokununulia koti la zambarau, lile ulilolivaa mpaka mikono ikaishia kwenye viwiko, na kwenye risiti hapakuongezwa kitu kwa sababu Minnesota haitozi nguo kodi ya mauzo. Huku tulikuwa tunasubiri ile wikiendi moja ya Agosti ambayo nguo na viatu havitozwi kodi ya mauzo, tunasukumana na mji mzima kutafuta viatu vya shule.

Mama yako anasema nasimulia nusu, niandike na la kwake. Ni haki yake. Mei ile ile, kabla muda haujaisha, alijaza fomu ya kupinga ile thamani mpya ya nyumba. Akaenda karakana yetu ya gari pale nyumbani, akakuta ule ufa wa ukutani unaoshuka kutoka kwenye dari, akauwekea rula yako ya shule pembeni, akapiga picha. Akazisafisha picha duka la dawa, akazipanga kwenye faili lenye mifuko ya plastiki, pamoja na bei za nyumba mbili za mtaani zilizouzwa chini ya yetu. Siku ya kusikilizwa alivaa kitenge chake cha harusi ya shangazi yako. Mezani walikaa watu watatu wa bodi ya kusikiliza mapingamizi. Mmoja akasema nyufa ni kawaida kwa udongo wa Houston. Mama yako akamjibu kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Basi na bei iwe ya nyumba yenye ufa." Wakapunguza dola 22,000. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika mkoba wake, na sijui kama nimewahi kumwona mzuri kama siku ile.

Kwake yeye huo ndio ushahidi: Texas inakupa mlango wa kubisha hodi. Namjibu kwamba mlango ule uliuliza habari za ukuta, haukuuliza habari za mfuko. Naye anasema dola 500 na ushei tulizookoa zililiwa na mfuko huo huo. Tumebishana hivyo miaka yote hii.

Na lazima niseme kweli, mambo yamebadilika. Wakati ule msamaha wa kodi ya shule, yaani ile sehemu ya kodi ya majengo inayokwenda wilaya ya shule, kwa nyumba unayoishi ulikuwa dola 25,000 tu za thamani. 2023 ukawa 100,000, na 2025 wapiga kura wakaupandisha hadi 140,000. Mimi mwenyewe, tangu nifikishe miaka 65, kodi yangu ya shule imegandishwa, haipandi. Kwa hiyo anayekuandikia haya anakaa Texas kwa nafuu ambayo wewe utaisubiri miongo. Halafu mumeo akipoteza kazi ya mafuta, mshahara wako wa unesi utabaki, wakati sisi tulikuwa na wa kwangu pekee. Hapo hoja yangu inapungua nguvu, naona. Lakini mwaka ule sikukosa mshahara tu. Nilikosa na bima ya afya, na Texas mpaka leo haijakubali kupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Huko kwenu wajukuu wangu wanakula shuleni bure tangu 2023, awe na kitu mzazi au asiwe nacho. Hayo nayo yanalipwa na hizo dola 5,000, na jedwali halikuwaonyesha.

Mama yako ananisimamia hapa, anataka niseme neno moja, njooni au bakini. Ungeniuliza kama babu wa watoto, ningewaambia mfunge mizigo leo. Umeniuliza habari za kodi, na kwa hilo nauma ulimi mpaka nione nyumba yenyewe.

Nitumie anwani za nyumba mnazozitazama. Tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti ina ukurasa wa kila nyumba, thamani yake mwaka kwa mwaka na nani anaidai. Ikiwa nyumba ni mpya, bili ya mwaka wa kwanza isiwadanganye. Mara nyingi ni ya kiwanja kitupu, ya nyumba inakuja mwaka wa pili. Na mwambie mumeo asisaini chochote kabla hajaniletea kiwango cha ile mamlaka ya maji.

Wabusu watoto.

Baba yako