Kabla hujakata: kwa mnaoanza kuhariri filamu za makala za vita

Wadogo zangu, wengi mnaingia chumba cha kuhariri mkiamini upendeleo wa kisiasa unakaa kwenye maneno ya msimulizi. Mnafuta "nduli", mnaandika "Rais Amin", mnajiona mmesawazisha mizani. Mimi neno hilo halininyimi usingizi. Mtazamaji analisikia, analipima, akitaka analikataa. Kile ambacho hakukiona kabisa atakikataaje?

Chukueni Vita vya Kagera, maana makala yake nimeihariri mwenyewe. Filamu inaanza tarehe ngapi? Ukianza Oktoba 1978, askari wa Uganda wanavuka mpaka, daraja la Kyaka linalipuliwa, Amin anatangaza kwamba eneo lote hadi Mto Kagera ni lake. Kila kitakachofuata kitakuwa jibu. Ukianza Septemba 1972, wafuasi wenye silaha wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, wanaingia Uganda wakitokea Tanzania, wanashindwa. Ukianza Januari 1971, unakuta mapinduzi, na Nyerere aliyekataa kumtambua Amin. Tarehe zote tatu ni za kweli. Sisemi zina uzito sawa. Kwangu mvamizi wa 1978 ni Amin, na silisemi hilo kwa kunong'ona. Ila ichague tarehe mwenyewe, usiikute tu kwenye mswada wa mteja ukaipokea kama amri.

Kila kipande cha picha kiulize kimepigwa wapi, lini, na nani alishika kamera. Mpiga picha hukaa nyuma ya askari wa upande uliompokea, kwa hiyo adui anabaki moshi wa mbali, hana uso. Na kuna maigizo. Filamu ya Waingereza kuhusu mapigano ya Somme, Ufaransa, ya 1916, ina askari wanaopanda kutoka handakini kwenda kushambulia. Tukio hilo liliigizwa nyuma ya mstari wa mbele, wakati picha nyingine nyingi humo ni halisi. Frank Capra naye, mwongozaji filamu wa Marekani, kwenye Vita Kuu ya Pili, alichukua picha ambazo Wanazi walijipiga kwa kujisifu, akawatisha nazo Wamarekani. Picha ni zilezile, majirani zake tu ndio waliobadilika.

Sasa niwaambie mkato wangu mwenyewe. Tulimrekodi mzee mmoja, askari wa zamani, kibarazani kwake. Simulizi yake ikafika Masaka, mji wa Uganda, Februari 1979. Mji ulipotekwa na Watanzania, majengo mengi yaliporomoshwa kwa baruti, kulipiza ya Kagera. Mzee akasema, "Tulivunja nyumba za watu." Akanyamaza, akawa anazungusha kikombe cha chai mkononi. Sekunde 11. Nilizihesabu, kwa sababu ndizo nilizozikata.

Hakuna mwanasiasa aliyenipigia simu. Mteja alitaka dakika 26, mimi nilikuwa na 31. Nikaunga "tulipoingia Masaka" na "tukasonga hadi Lukaya", juu ya kiungo nikaweka picha ya vifaru vikipita ili mruko usionekane. Kazi safi, hata leo huwezi kuuona.

Siku hizi nina folda ya vile nilivyokata kwa kisingizio cha muda. Kabla ya kopi ya mwisho naifungua, naangalia vyote kwa mkupuo. Kama kila kilichomo kinauma upande mmoja, basi haukuwa muda. Fanyeni hivyo hata mteja akiwa mlangoni. Na sauti za mizinga msizijaze kupita kiasi: picha nyingi za zama zile ni bubu, mshindo huo mnauongeza nyie.

Yule mzee tulimpelekea nakala. Akaitazama yote sebuleni kwake, wajukuu wamemzunguka, wakishangilia vifaru. Ilipokwisha akanigeukia.

"Na ile ya Masaka?"

"Muda ulitubana, mzee wangu."

"Aa," akasema, akamwita binti yake alete chai.