Vitu vichache, na bomba ndani

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyeamua kuishi na vitu vichache anaweza kufurahia maji ya bomba na choo cha ndani. Anaweza, tena bila kuona haya. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Aliyewahi kuyabeba kila alfajiri haliiti bomba anasa. Tazama pia bomba lililopinda chini ya sinki: maji yanayobaki pale ndiyo yanayozuia harufu ya maji taka isirudi ndani. Alexander Cumming, fundi saa wa Uskoti, alipata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya choo chenye mpindo wa aina hiyo mwaka 1775! Mimi nimepunguza nguo, vyombo, hata samani. Bomba limebaki, na likianza kudondosha maji nabadilisha mpira wake siku hiyohiyo.