Wasomaji Wauliza, Mafundi Wajibu: Betri ya Gari la Porini

SWALI: Nina Prado ya dizeli, lita 3.0, ya mwaka 2006. Betri imekufa hata miaka miwili haijaisha. Imeandikwa 95D31L. Duka moja la Kirinyaga Road wanasema nichukue ya ampea 100 "iwe na nguvu zaidi". Jingine wananisukumia AGM (betri ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mkeka) kwa bei karibu mara mbili. Gari linashinda kwenye foleni za Mombasa Road, na likizo ikifika tunavuka Chalbi hadi North Horr. Nichukue ipi?
Msomaji, Lang'ata

JIBU: Ndugu, usitoe pesa kabla ya kujua ni nini kilichoiua ile ya kwanza, maana mpya ikiingia palepale itaifuata.

Anza na kishikio kinachoibana betri. Fungua boneti, shika betri kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza hata kidogo, mshukiwa wa kwanza ni huyo. Kwenye barabara yenye mawimbi, betri iliyolegea inatikisika hadi unga wa sahani za risasi zilizo ndani unadondoka na kujikusanya chini, sahani zinagusana, chumba kimoja (seli) kinakufa. Dalili yake utaiona kwenye mita: volti 10.5 badala ya 12.6, na hata uichaji usiku kucha haipandi ikatulia.

Kisha pima chaji. Washa injini, taa na AC, weka mita juu ya vichwa vya betri vyenyewe. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya 13.5, alternata (jenereta inayochaji betri) au mkanda wake una shida; ikipita 14.8, betri inachemshwa na maji yake yanaisha. Mwisho, zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa, halafu pima umeme unaovuja kwa kupitisha mita kati ya kichwa hasi na waya wake. Mita iwe kwenye ampea, na usiguse stata (mota ya kuwashia injini) ikiwa imeunganishwa hivyo. Ampea 0.05 ni ya kawaida. Ikifika 0.3, kagua trakka (kifaa cha kufuatilia gari) na alamu. Magari mengi ya Nairobi yana vyote viwili, na kuna mafundi wanaoviunga popote waya ulipo karibu. Kwa 0.3, siku tano za kuegesha zinakula ampea-saa 36, karibu nusu ya betri yako.

Sasa hiyo namba. 95 si ampea, ingawa wauzaji wengi huisoma hivyo. Ni daraja la nguvu kwa mfumo wa Kijapani. D ni upana na kimo cha boksi, 31 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande wa vichwa: ukisimama vichwa vikiwa upande wako, chanya iko kulia. Ya R ni kinyume chake. Hapo ndipo watu huumia. Waya haufiki, fundi anauvuta kwa nguvu, au mtu anageuza nyaya bila kujua, na dayodi za alternata zinaungua papo hapo pamoja na fyuzi kuu. Uwezo halisi wa 95D31 ni kama ampea-saa 80 kwa kipimo cha saa 20. Maduka mengine huiita N70, kwa hiyo usiende na jina tu. Nenda na vipimo na picha ya betri ya zamani.

Ile ya 100 achana nayo. Stata huchukua inachohitaji tu, na N100, yaani hiyo ya 100, ina urefu wa sentimita 41, haikai kwenye trei yako. Ukitaka kupanda, chukua 105D31L: boksi lilelile, nguvu zaidi kidogo. Uliza CCA (ampea za kuwashia injini kwenye baridi), isipungue 600 kwa dizeli ya lita 3.0. Angalia kama imeandikwa CA au MCA badala ya CCA. Hizo hupimwa kwenye nyuzi 0, CCA kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo namba za CA na MCA huonekana kubwa bila betri kuwa bora.

AGM inavumilia mtikisiko vizuri na haimwagi asidi hata gari likilala ubavu. Lakini joto la boneti haliipendezi, na alternata inayotoa 13.8 haiijazi sawasawa. Kwa gari hili tungechukua betri ya kawaida yenye vifuniko vinavyofunguka, na pesa inayobaki inunue kishikio kipya. Ongeza maji yaliyokenekwa (distilled) pekee. Asidi usiongeze, kwa kuwa kinachopungua kwa joto ni maji.

Kufunga: toa hasi kwanza kwa spana ya 10, halafu chanya, ukirudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi hakuna cheche. Sugua vichwa hadi ving'ae, kaza, paka grisi juu, si chini ya kibano.

SWALI: Friji ya lita 40 inaiua betri yangu kila tukipiga kambi Turkana. Nyaya nene zitasaidia?
Msomaji, Ruaka

JIBU: Peke yake hazitasaidia. Friji hiyo kwenye joto hula wastani wa ampea 2, yaani kama 24 kwa usiku mmoja, na betri ya stata haikuundwa kushushwa hivyo kila siku. Weka ya pili, ya matumizi ya polepole, ampea-saa 100, na usiishushe chini ya nusu. Katikati weka swichi ya kujitenganisha inayounga kwenye volti 13.3 na kukata 12.8. Waya uwe wa milimita za mraba 25, fyuzi ya ampea 100 kila upande, karibu kabisa na betri. Ikikaa buti, iwe AGM, maana ya maji hutoa hidrojeni. Kama una winchi ya kujinasua, iache kwenye betri ya mbele, injini ikinguruma. Ikivuta mzigo mzito inafika ampea 400.

SWALI: Land Cruiser yangu ina betri mbili. Moja imekufa. Naweza kubadilisha hiyo tu?
Msomaji, Kitengela

JIBU: Badilisha zote mbili, aina moja, tarehe moja, maana ile kuukuu itaivuta mpya chini. Lakini kwanza fuata nyaya. Chanya kwa chanya ni mfumo wa volti 12. Chanya ya moja ikienda hasi ya nyingine ni 24, na Land Cruiser za dizeli kadhaa kutoka Japani ziko hivyo. Dukani pima kila moja: chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, irudishe. Ile ya zamani wape, wapunguze bei kwa ajili ya risasi iliyomo, na risiti iandikwe namba ya betri na tarehe, la sivyo waranti haina kazi.