Kuhusu kununua bakteria wa kusafisha mafuta ufukweni

Ndugu muulizaji, umetaka kujua iwapo kikundi chenu cha ufukweni kinunue unga wa bakteria na kuuweka akiba kwa ajili ya siku ambayo mafuta yatamwagika baharini. Ushauri wangu ni kwamba msinunue. Bakteria wanaokula mafuta, kama vile Alcanivorax borkumensis, tayari wamo baharini kwa idadi ndogo, na mafuta yanapomwagika huongezeka wenyewe. Kinachowapungukia mara nyingi ni naitrojeni, fosforasi na oksijeni, jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulitaja. Ndiyo maana, baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta huko Alaska mwaka 1989, wataalamu walinyunyizia fukwe mbolea ili kuwachochea bakteria wa hapohapo. Hata hivyo, baadhi ya mafuta yaliyopenya chini ya mawe, mahali penye oksijeni haba, yalibaki kwa miongo kadhaa. Anzeni na vizuizi vinavyoelea na ukusanyaji wa mafuta mazito, kwani bakteria huchukua majuma au miezi, na sehemu zinazofanana na lami huwashinda. Mbolea nayo isitumike bila idhini ya mamlaka ya mazingira, kwa kuwa ikizidi hustawisha mwani.