Negativi zanuka siki, na mkubwa ataka tuskani kisha tuchome

SWALI: Nafanya kazi kampuni kubwa ya uwakala wa meli hapa Mombasa. Mkurugenzi amenikabidhi godauni la Shimanzi: faili tangu enzi za mkoloni, madaftari ya mizigo, picha, na mikebe ya negativi inayonuka siki. Anataka tuskani kila kitu, makaratasi tuyachome. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, anzia kwenye hiyo mikebe, tena leo. Filamu za asetati, aina ya plastiki ya negativi kama hizo, zikikaa kwenye joto na unyevu huoza zenyewe na kutoa asidi ya asetiki, ile ile ya siki. Asidi hiyo huchochea uozo zaidi, na mvuke wake huziharibu hata negativi nzima zilizo jirani. Kwa hiyo mkebe uliofungwa kabisa ni adui. Fungua, tenga zinazonuka na zisizonuka, uziweke vyumba tofauti vyenye hewa, kila moja ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Zilizoanza kujikunja ndizo za kuskani kwanza, kwa sababu uozo huu hauna dawa. Baridi huuchelewesha tu.

Ukikuta filamu iliyoandikwa "Nitrate" ukingoni, simamisha kazi yote. Hiyo hushika moto upesi, moshi wake ni sumu, na maji hayaizimi kirahisi. Mwite mtaalamu. Mkurugenzi akisikia hilo, huenda hamu ya kuchoma ikampungua.

Maana kuchoma nakipinga. Nakala ya kompyuta ni nakala. Diski hufa, na programu za leo kesho hazifunguki. Wajerumani wa Krupp, kampuni ya chuma, walianzisha hifadhi ya kampuni yao mjini Essen mwaka 1905, na watafiti wanaitumia hadi sasa kwa kuwa karatasi zenyewe zipo.

Hata hivyo si kila karatasi ni historia. Ankara za kawaida zikishapita muda unaotakiwa na sheria za kodi na za kampuni, mwanasheria akiridhia, zitupe bila kuona haya. Mihutasari ya bodi, mikataba, hatimiliki, ramani na barua za mameneja usiziguse. Wala usizipange upya kwa mada unazozipenda wewe: faili zilizotoka idara moja zikae pamoja kama zilivyokuwa, la sivyo hutajua nani alimwandikia nani na kwa nini. Za wafanyakazi zifungie kando, kwani zinagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kuhusu chumba: hapa pwani unyevu mara nyingi hupita asilimia 70, na hapo ndipo kuvu hustawi. Wengi huwasha kiyoyozi saa za kazi na kukizima jioni. Afadhali kisingekuwapo, kwa sababu kupanda na kushuka huko huchosha karatasi na kuleta majimaji usiku. Kama bajeti hairuhusu kukiwasha saa 24, tumia feni, rafu zilizoinuliwa sakafuni na kuachana na ukuta, na mashine ya kukausha hewa.

Karatasi za faksi zitoe fotokopi mapema, maandishi yake hufifia. Klipu zenye kutu ziondoe.

Picha zisizo na majina zipeleke kwa wastaafu wenu wangali hai. Mzee mmoja aliyekuwa bandarini Kilindini atakutajia meli, kuli na karani kwa dakika chache. Andika nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini. Biro hupenya.